Miaka Yangu na Kompyuta Zilizogoma Kuwaka

Vijana wangu, kila nikialikwa kwenye darasa la ufundi hapa Jinja, swali la kwanza ni lile lile: "Mama Zaituni, kompyuta ikizeeka si mtu aitupe tu, anunue nyingine?" Huwa nacheka. Mimi mwenyewe nina miaka sitini na tatu, goti la kushoto linalia nikipanda ngazi, na asubuhi nachukua muda kuwaka. Bado sijaona mtu akinitupa.

Nimestaafu. Duka langu dogo karibu na soko nimewaachia wengine, na hapa nyumbani Walukuba nimebaki na meza moja, bisibisi nne na redio. Lakini nilitengeneza kompyuta kwa karibu miaka thelathini, na nyingi zilikuwa kuukuu, maana mwenye mpya hakuwa na haja nasi. Niacheni niwasimulie niliyoyaona. Sitayapanga kwa miaka, yatakuja yanavyokuja.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Afande Odoi, mtu wa Tororo, koplo mstaafu aliyeshughulikia redio za mawasiliano jeshini. Mimi nilikuwa karani wa taipu, mtoto wa Kiislamu wa Mbale niliyekuja Jinja kukaa na shangazi yangu. Ofisini kwetu taipu ikikwama nilitumwa nimpelekee Afande. Siku moja nikamkuta amefungua kompyuta, ameitandaza mezani kama mtu anayesafisha samaki. Nikasimama kuangalia mpaka mwenyewe akachoka na kivuli changu.

"Wewe nataka nini?" akauliza bila kuinua macho.

"Nataka kujua inafanyaje kazi."

"Kaa hapo. Kugusa, hapana."

Hiyo "kugusa, hapana" ilidumu miezi miwili. Nilikuwa nikitoka ofisini saa kumi napitia kwake, nakaa kwenye kigoda, naangalia. Shangazi alipomsikia Afande akizungumza mara ya kwanza, alitaka nisirudi tena. Kwa watu wa rika lake, Kiswahili cha kambini kiliwakumbusha miaka ya bunduki na kugongewa milango. "Mtu akisema hivyo," aliniambia, "sisi tulikuwa tunaingia chini ya kitanda." Ikabidi Afande aje nyumbani mwenyewe. Alikuja na mkate na sukari, akavua kofia, akamwambia shangazi: "Mama, mimi iko na watoto sita na mke moja mkali sana. Bunduki nilirudisha zamani. Sasa mimi nafunga skurubu tu." Shangazi akacheka, na tangu siku hiyo alimwita "mwanangu".

Somo lake la kwanza nilipewa nimefumba macho. Alizima kompyuta moja, akachomoa kitu ndani, akaiwasha tena, akaniambia nisikilize. Ikalia mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena.

"Nasema nini?"

"Sijui, Afande. Inalia."

"Mtoto naye nalia. Mama yake najua kama ni njaa ama ni mkojo. Wewe jifunze."

Nikajifunza. Mashine nyingi za zamani zikiwaka hutoa mlio mmoja mfupi, maana yake wote wazima. Milio mirefu inayorudiarudia, mara nyingi ni ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, ama kimelegea ama kimeshika uchafu. Afande alinionyesha: chomoa waya wa umeme ukutani, shika chuma cha sanduku kidogo ili umeme wa mwilini mwako utoke, kisha chomoa kibao. Meno yake ya rangi ya dhahabu yasugue kwa raba ya penseli, polepole, upande mmoja. Pangusa vumbi la raba. Rudisha, sukuma mpaka kikae vizuri. Mashine ngapi zimeletwa kwangu zikiwa zimetangazwa maiti, zikarudi kwao kwa raba ya mtoto wa shule! Ninyi leo mnatafuta majibu kwenye simu, na ni vizuri, mimi pia natafuta. Lakini simu haina masikio yako.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutokubali neno "haiwaki". Mteja akija anasema, "Mama, haiwaki." Usiguse bisibisi. Muulize: haiwaki namna gani? Haina hata taa? Basi anza na waya, soketi na swichi, halafu kile kisanduku cha kugawa umeme. Ina taa na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi? Hapo tega sikio, tafuta ramu, angalia na waya wa kioo chenyewe. Inaonyesha maandishi meupe kisha inasimama? Soma maandishi hayo, hata kama Kiingereza chake ni kigumu. Yanakuambia ukweli. Inawaka mpaka mwisho halafu inajizima? Gusa sanduku kama ni la moto. Mambo manne tofauti, na watu wote wanayaita jina moja.

Na ukishamuuliza namna gani, muulize wapi. Hilo nilifunzwa na Hajji mmoja wa Buwenge, muuza mahindi, mtu mkarimu mwenye sauti ya kuita kondoo mlimani. Kompyuta yake aliinunua ya mtumba, na akaileta dukani kwangu akisema imekufa. Nikaichomeka, ikawaka. Nikaipangusa vumbi, nikamrudishia. Kesho yake akanipigia simu: imekufa tena. Akaileta. Ikawaka. Akaenda nayo. Mara ya tatu alipoingia, alikuwa ameikumbatia kifuani na jasho linamtoka.

"Nyabo," akasema, "hii mashine inakuogopa wewe. Kwangu hainiheshimu."

Tukakubaliana nimfuate Buwenge siku ya soko. Nikakuta ameiweka vizuri sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akaichomeka mbele yangu. Kweli! Maandishi meupe: haioni diski ya kuanzia. Nikainama nyuma ya sanduku. Kulikuwa na flashi ndogo nyekundu.

"Hajji, hii ni nini?"

"Hiyo ya kaswida. Kila nikimaliza kuswali nasikiliza. Inakaa hapo siku zote."

"Na ukiniletea mashine Jinja unakuja nayo?"

"Ah, nitatembeaje na kaswida ndani ya taksi? Nachomoa."

Kumbe mashine ilikuwa imepangwa itafute pa kuanzia kwenye flashi kwanza. Inaingia mle, inakuta kaswida tupu, inashangaa. Nikachomoa flashi, ikawaka papo hapo. Kisha nikaingia kwenye mipangilio yake ya kuanzia, nikaiambia ianze na diski yake ya ndani, nikairudisha flashi. Ikawaka tena, kaswida zikaimba. Hajji alicheka mpaka akakaa chini. Akaita wake zake na majirani waje wauone ugonjwa. Nilirudi Jinja na kuku mweupe ambaye njia nzima alikuwa akiniangalia kwa jicho moja.

Sasa niwaambie la aibu. Mtu akikusimulia kazi yake bila aibu hata moja, huyo anauza kitu.

Kompyuta ya kwanza niliyoishika peke yangu, Afande akiwa amesafiri kwao kwenye msiba, ilikuwa ya Mwalimu Nabirye, mkuu wa shule ndogo ya msingi kule Mpumudde. Alilalamika kwamba ni nzito. "Nikiiwasha," alisema, "naenda kuchota maji, narudi, nachemsha chai, ndipo inaniuliza nenosiri." Nikamwambia aniachie siku mbili.

Nilitaka kumwonyesha Afande kwamba mwanafunzi ameiva. Nilijua kuna dawa moja kali, inayofuta diski yote na kuweka mfumo upya. Nikaifanya. Mashine ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba! Nilifurahi mpaka nikaimba. Mwalimu alipokuja nikaiwasha mbele yake, akapiga makofi. Kisha akasema, "Haya, sasa nifungulie mitihani yangu."

"Mitihani ipi, Mwalimu?"

"Ninayoitunga. Ya darasa la kwanza mpaka la saba. Miaka minne yote imo humo."

Akaniangalia usoni, akaelewa. Hakupiga kelele, ningeshukuru kama angepiga. Alikaa kwenye kile kigoda changu, akashika mkoba wake kwa mikono miwili, akasema polepole, "Nilikuwa naitunga jioni, watoto wakishalala. Kila swali." Kisha akainuka, akaondoka, kompyuta yake nzuri ya haraka ikabaki mezani.

Afande aliporudi nilimweleza yote. Nilitegemea anifukuze. Alinawa mikono, akasema: "Jeshini, kama nyumba nawaka, natoa watu kwanza. Ama wewe napaka rangi ukuta, watu ndani?" Halafu akasema neno ambalo ndilo limenifanya fundi: "Mitihani ilichapwa? Basi karatasi iko Mpumudde. Enda tafuta."

Nikaenda. Kila Jumamosi na Jumapili, mwezi mzima na zaidi, nilipita nyumba kwa nyumba Mpumudde, nikiomba wazazi karatasi za zamani za mitihani. Kodheyo hapa, kodheyo pale, maana ndiyo salamu ya Wasoga. Nyingine zilikuwa zimefungia karanga. Moja niliikuta imebandikwa ukutani kuziba tundu, nikainakili nikiwa nimesimama. Na usiku nilichapa upya, swali kwa swali. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mwalimu alikuwa mcheshi: katika mtihani mmoja wa hesabu, mbuzi wanane wa mzee Waiswa wanakula kabeji tatu kila mmoja, na swali la mwisho ni, "Mzee Waiswa atamwambia nini jirani yake?"

Kulikuwa na mitihani ya darasa la tano na la sita ambayo haikupatikana kabisa. Mwanamke mmoja akaniambia, "Jaribu kwa Isma, yule fundi mwashi. Ana wasichana watatu pale shuleni, mama yao alifariki. Yeye hatupi kitu." Nikamkuta anachanganya saruji uani. Nilipomweleza shida yangu alinawa, akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Karatasi zote zilikuwemo, zimepangwa kwa mtoto na kwa mwaka, zimefungwa kwa uzi.

"Kwa nini umezitunza hivi?" nikamuuliza.

"Mimi sikusoma sana," akasema. "Lakini nikiona ile alama ya vyema, najua kuna kitu kimeingia ndani ya nyumba yangu."

Nilirudi kwa Isma mara tatu kuchukua na kurudisha. Ukweli ni kwamba mara ya tatu mitihani ilikuwa imekwisha. Tumeoana sasa miaka ishirini na mingi, na wale wasichana ndio wanaoniita mama. Kwa hiyo nikisema kosa lile liliniadibu, mjue pia liliniozesha.

Mwalimu Nabirye nilimpelekea mitihani yake karibu yote. Alisoma kurasa chache, akasahihisha makosa yangu mawili ya tahajia kwa kalamu nyekundu, akanipa alama tisini na nane. Nimeiweka mpaka leo.

Baadaye Afande alinionyesha jinsi ambavyo angeiponya ile mashine bila kufuta herufi moja. Kompyuta nzito, alisema, ina moja kati ya matatu. La kwanza, joto: fungua, puliza vumbi, safisha feni, maana mashine ikipata homa hupunguza mwendo yenyewe ili isife. La pili, diski imejaa mpaka mlangoni, haina pa kugeukia. Ondoa programu zisizotumika, hamisha video. La tatu ndilo la wengi: programu zinazoamka pamoja na mashine. Fikiri umeamka asubuhi, hujanawa uso, na wageni ishirini wamekaa sebuleni kila mmoja anadai chai. Ndivyo kompyuta inavyoamka. Ingia kwenye orodha ya vinavyojiwasha, waambie wageni wasubiri nje mpaka waitwe. Siku hizi mna la nne ambalo sisi hatukuwa nalo: toa diski ya zamani inayozunguka, weka hizi mpya zisizo na kitu kinachozunguka ndani, ongeza na ramu. Mashine ya miaka kumi na mitano inakuwa kijana. Mara ya kwanza kuiona nilidhani nimedanganywa, nikaizima nikaiwasha tena mara nne kwa raha tu.

Sasa nije Mbale, kazi ambayo naikumbuka kuliko zote, na ilikuwa miaka michache tu kabla sijastaafu.

Nilikwenda nyumbani kumtembelea mdogo wangu. Jumanne mchana simu ikalia. Alikuwa Sista Namono, muuguzi mstaafu wa magereza, mama wa Kikristo mwenye mabega ya askari na moyo wa pamba. Alikuwa amefungua zahanati ndogo kwenye barabara inayopanda kuelekea mlima Wanale, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaangalia watoto wenye sikoseli, ule ugonjwa wa damu unaowapa maumivu ya mifupa mpaka wanalia usiku kucha.

"Mulembe, Mama Zaituni. Kompyuta yangu imeniacha. Na watu wa dawa wanafika keshokutwa asubuhi."

Nikachukua boda nikapanda. Njiani sikuwa na wasiwasi, nilidhani ni ramu. Sista alinipokea mlangoni bila hata kunikaribisha chai, ndipo nikajua jambo ni zito. Akanieleza. Gari la dawa huja mara moja kila miezi mitatu. Mtoto sharti awepo mwenyewe apimwe damu ndipo apewe. Asiyekuja, amekosa mpaka safari nyingine. Na wazazi huitwa kwa simu siku mbili kabla, kwa sababu wengi wako mbali juu mlimani.

"Orodha yao?"

Akaonyesha kompyuta kwa kidole. "Majina tisini na nne na simu zao. Daftari lililowa mvua, paa lilivuja. Nikachapa yote humo, nikalitupa daftari. Nikasema sasa niko salama."

Nikaiwasha. Maandishi meupe yale yale: haioni diski ya kuanzia. Nikatabasamu, nikakumbuka Buwenge, nikainama kutafuta flashi. Hakuna. Nikaangalia waya za ndani, zimekaza. Saa ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, nikabadilisha betri ile ya mviringo kama sarafu. Nikaiwasha tena, diski ikaonekana mara moja, ikapotea. Ndipo nikatega sikio juu yake, na nikasikia kitu ambacho fundi hapendi kusikia. Tak. Tak. Tak.

Nikazima haraka.

"Mbona umezima?" akauliza Sista.

"Diski inakufa. Kila dakika inayowaka inakufa zaidi. Tuna safari moja tu ya kuingia ndani, labda nusu. Sista, nisikilize vizuri. Kama itakubali kutoa kitu kimoja, nitoe nini?"

Nilijua kuna kitu kingine mle, nilikiona usoni pake.

"Kuna picha za mama yangu," akasema. "Zote. Hata zile za mwisho, kabla hajafariki mwaka jana." Akavuta pumzi. "Mama yangu ameshapumzika. Toa watoto."

Wanawake wengine wanabeba poda kwenye mkoba. Mimi nilikuwa natembea na waya wangu wa kuungia diski kwenye kompyuta nyingine. Tukaazima laptopu kwa mwenye duka la dawa jirani. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka Wanale, na mvua ya Mbale ina tabia ya kuondoka na umeme. Nikaichomoa diski, nikailaza juu ya kitambaa ipoe, nikaiunga. Sista alikuwa anasali kwa lugha yake ya Lumasaba, mimi nasoma dua zangu kimya. Diski ikajitokeza kwenye kioo.

Sikugusa kitu kingine. Nikaenda moja kwa moja kwenye orodha, nikainakili. Katikati ikakwama, programu ikalalamika, nikaiambia iruke iendelee. Ikamaliza. Nikapiga kelele kama nimefunga goli! Nikaona diski bado inapumua, nikaingia kwenye picha. Moja, mbili, tatu. Picha ya kumi na moja ilipofika nusu, tak, tak, kisha kimya. Hatukuiona tena. Lakini picha kumi zilikuwa zimetoka, na katika mojawapo mama yake Sista alikuwa amesimama mbele ya migomba, anacheka na sufuria mkononi. Sista alikiangalia kioo muda mrefu, akapangusa macho kwa kona ya gauni lake.

"Sasa tupige simu," akasema.

Nikaifungua orodha. Majina yakashuka vizuri, moja baada ya jingine, mpaka wa tisini na tatu. Wa tisini na nne alikuwa amekatwa. Jina lilikuwepo, Nambozo, miaka minane. Namba ya simu ilikuwa na tarakimu tisa. Ya kumi haikuwepo, na baada yake palikuwa na takataka tu za alama.

Vijana, fundi wa miaka karibu thelathini! Pale programu ilipolalamika nilipaswa kuifungua orodha kwanza, niione mpaka mstari wa mwisho, ndipo niende kwenye picha. Labda diski ingenipa nafasi ya pili. Sikuangalia. Uzee hauzuii makosa, unakufanya tu uyatambue haraka.

"Huyo ndiye mpya," Sista akasema, na sauti yake ikashuka. "Aliletwa wiki iliyopita na jirani, anaumwa mpaka hawezi kukanyaga. Sijui hata nyumba yao. Najua ni juu, juu sana."

Tukakaa. Mvua ikaanza. Umeme ukakatika, kama desturi. Laptopu ikabaki inawaka kwa betri yake, na ile namba ya tarakimu tisa inatutazama. Ndipo nikaanza kucheka.

"Sista, tarakimu iliyokosekana ni moja. Tarakimu ziko kumi tu."

Tukaanza na sifuri. Akapokea mwanamke mwenye kelele za soko nyuma yake, akasema hamjui Nambozo lakini ana nyanya nzuri. Tukajaribu moja, imezimwa. Mbili, sauti nzito ya mwanamume: "Ndiyo afande!" Sista, kwa mazoea ya magereza, akajibu, "Pumzika," kisha akajikumbuka, akaomba msamaha. Yule askari alikuwa mwema, akatuombea kheri. Tatu haipo kabisa. Nne akapokea mzee aliyesema, "Najua ninyi. Mnataka niwatumie pesa. Nami nataka mnitumie," akakata. Tano ikaita mpaka ikachoka. Sita akapokea mtu katikati ya mazoezi ya kwaya, na kwaya nzima ikatuimbia mstari mmoja kabla hajatuelewa.

Saba ikaita muda mrefu. Kisha ikapokelewa. Tulisikia mvua tu, kama ile ile yetu.

"Haloo?" Sista akasema. "Mulembe. Mama yuko?"

"Ameenda kuchuma kahawa." Sauti ndogo, nyembamba.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi Nambozo."

Sista akaziba mdomo kwa kiganja, akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete yangu ikaniumiza. Kisha akajikaza. "Nambozo, mama, unanijua mimi?"

"Ndiyo. Wewe ni yule wa sindano."

"Ndiye mimi. Mwambie mama, Alhamisi asubuhi mje. Kuna dawa."

"Na sindano iko?"

Sista akaniangalia. Nikatikisa kichwa kumwambia asidanganye. "Iko," akasema. "Lakini ndogo."

"Basi nitamwambia," akasema Nambozo. Akafikiri. "Nitamwambia kesho."

"Mwambie leo!" tukapiga kelele wote wawili.

Wale wengine tisini na tatu tuliwapigia jioni ile na kesho yake yote, nusu yeye, nusu mimi, kwa simu mbili. Orodha niliiweka kwenye flashi mbili na kwenye simu ya Sista, na bado nikamnunulia daftari nene. Sikurudi Jinja. Nilimwambia Isma nitachelewa, akasema alikwisha kujua.

Alhamisi watoto walianza kufika mapema, wengine migongoni, wengine kwa boda na blanketi. Saa tano tukaona mwanamke anapanda kutoka barabarani amembeba msichana mwenye sweta la manjano. Walikuwa wameanza kushuka mlima alfajiri. Nambozo alipimwa damu, akalia kidogo, akapewa dawa yake. Kisha akaletwa kwenye meza yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa naandika kwenye daftari jipya kwa kalamu.

Nikaandika jina lake, nikamgeukia mama yake nimwombe namba ya simu.

"Hapana," akasema Nambozo. "Mimi naijua."

Akasimama kwa mguu wake mzuri, akashika ukingo wa meza, akaitaja tarakimu moja moja kwa utaratibu, akisubiri niandike kila moja ndipo aendelee. Na ya mwisho akaitaja kwa sauti iliyofika mpaka kwa watu wa dawa kule nje:

"Saba!"